Sura ya Tano: Mfalme wa Lugha Tatu

Mpwa wangu ndiye aliyenitia katika elimu hii. Siku moja baada ya magharibi alinikalisha mbele ya kompyuta yake, akanifungulia ramani ya Ulaya na Mediterania kama zilivyokuwa mwaka 1066, akanikabidhi utawala wa Robert wa ukoo wa Hauteville, yule Mnormani aliyepewa lakabu ya Mjanja, ambaye zama hizo alikuwa mkuu wa Apulia kusini mwa Italia. Na kabla sijajua hata namna ya kulisogeza jeshi, aliniwekea kidole juu ya sura ya kabaila mmoja aliyechorwa na ndevu nyeupe, na chini ya sura ile palikuwa na tarakimu nyekundu.

"Mjomba," akasema, "huyu hakupendi."

Nikamwuliza nimemkosea nini, nami ndiyo kwanza naketi kitini. Akaifungua orodha ya sababu, akanisomea moja baada ya moja kama karani asomavyo daftari la madeni: utawala wangu ni mchanga, ardhi niliyonayo aitamani yeye, na mila zangu na zake ni mbalimbali. "Ungekuwa Myunani kama yeye, au hata ungekijua Kiyunani tu, angekuwia radhi zaidi."

Tarakimu ile nyekundu ndiyo maudhui ya sura hii. Ndani yake mna dai zito juu ya wanadamu, nalo ni kwamba tofauti ya mila baina ya bwana na aliyemwapia utiifu yaweza kupimwa, ikaandikwa, ikajumlishwa na kutolewa kama shilingi na senti. Sikulikataa dai hilo usiku ule, wala silikatai leo. Lakini nimeishi nalo miaka kadhaa, nikilipima kwa habari za nchi ile ile ya Robert kama zilivyo katika tarehe, na hapo nimeona mahali liliposimama wima na mahali linapoyumba.

Mchezo wenyewe waitwa Crusader Kings, nao umetengenezwa na kampuni ya Paradox mjini Stockholm, Uswidi. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2004, la pili mwaka 2012, na la tatu, ambalo ndilo nililochezeshwa, tarehe 1 Septemba 2020. Kinachoutofautisha na michezo mingi ya vita ni kwamba humo mchezaji hashiki taifa, bali hushika mtu na nasaba yake. Huoa, huzaa, huugua, hughadhibika, hufa. Na akifa, mchezaji huamka katika mwili wa mrithi, akazirithi pamoja na ardhi chuki zote alizoziacha baba. Kwa mpango huo suala la mila limewekwa pale lilipokuwapo hasa katika karne zile, yaani baina ya mtu na mtu: bwana upande huu, na upande wa pili kabaila aliyeapa, akaachiwa nchi, akawajibika kuleta askari na mali aitwapo. Dola kwa maana tuijuayo sisi, yenye mpaka uliochorwa, pasipoti na wimbo, haikuwapo.

Michezo mingine iliyojishughulisha na enzi hizo haikulitazama jambo hili kwa karibu. Katika Age of Empires II, iliyotoka mwaka 1999 na ambayo vijana wa mji wetu waliicheza hata mapambazuko, kila taifa ni kisanduku kilichofungwa: Mfaranki ni Mfaranki tangu mwanzo hata mwisho, na kasisi wa adui humwimbia askari wako mpaka rangi ya nguo zake ikageuka, na tangu hapo yu mali ya adui, bila kumbukumbu wala majuto. Lipo jambo moja zuri mle, ambalo ni kwamba mkata kuni ukimgusa hukuitikia kwa lugha ya watu wake. Nayo Medieval II: Total War ya mwaka 2006 huuliza dini ya jimbo na kiasi cha kodi, kisha hupita. Zote mbili ni kazi za mafundi, walakini si humo tutakapoona mfalme akikosa usingizi kwa sababu watu wake hawamfahamu asemapo.

Katika toleo la pili la Crusader Kings kila mtu alikuwa na utamaduni mmoja, na tamaduni zilipangwa kwa jamaa, kama koo zenye babu mmoja. Aliye mbali na bwana wake alimwona kuwa mgeni, na ugeni ulikatwa katika mapenzi. Jimbo lililotawaliwa na mgeni kwa miaka mingi liliweza kugeuka, likafuata mila za bwana. Na bwana naye aliruhusiwa kuziacha za kwao akafuata za wenyeji. Lakini uhodari wa toleo lile ulikuwa katika malezi. Mtoto alikabidhiwa mlezi, na mlezi aliweza kumtia mila zake na hata dini yake, hivi kwamba mfalme aliyempeleka mwanawe kulelewa ugenini kwa kutaka urafiki alijikuta baada ya miaka kumi amemrithisha kiti mtu asiyemtambua. Waliobuni kanuni hii waliyajua yale wayajuayo wazee wetu wote: mtoto ni wa aliyemlea.

Lilikuwapo pia tukio la Uingereza, nalo lafaa tulikalie kidogo. William alipoivuka bahari mwaka 1066 na kuitwaa nchi, mchezo ulisema kwamba Wanormani waliotawala Waanglo-Saksoni wangeweza, wakati ukifika, kuyeyuka pamoja na raia wao na kutoka watu wapya, ndio Waingereza. Yote hutokea kwa kauli moja, kama bandiko ubaoni. Sasa tazama yalivyokuwa. Katika sensa kuu ya ardhi ya mwaka 1086, miaka ishirini tu baada ya vita, miongoni mwa wakuu wenye ardhi kubwa waliyoishika moja kwa moja kutoka kwa mfalme, wenyeji walikuwa wamebaki wawili. Na ikawekwa sheria kwamba maiti akikutwa ameuawa na muuaji asipatikane, hesabu yake ni Mnormani, na wilaya nzima hutozwa faini nzito, illa jamaa zake waje mbele ya hakimu wathibitishe kuwa marehemu alikuwa Mwingereza. Ikithibitika, faini imeondoka. Fikiri wanakijiji wamesimama juu ya maiti, nao kodi yao na mifugo yao imo katika jawabu la swali moja: huyu aliyelala hapa mama yake alisema lugha gani? Hata hivyo, yapata mwaka 1179, mkuu mmoja wa hazina ya mfalme aliandika kwamba makabila mawili yale yamekwisha kuoana mno hata miongoni mwa watu huru haiwezekani tena kusema nani ni nani. Sheria ile ya maiti ikaendelea kutoza watu mpaka mwaka 1340. Ndiyo maana sikuridhika na bandiko lile: damu zilichanganyika mapema, daftari likachelewa karne moja na nusu, na ndani ya kuchelewa huko watu wengi waliishi na kufa.

Nadhani wenye mchezo nao hawakuridhika, kwa kuwa mwezi Februari mwaka 2022 walitoa nyongeza iitwayo Royal Court, nayo ikaubomoa utamaduni wote na kuujenga upya. Sasa utamaduni ni nyumba yenye nguzo: tabia kuu ya watu, asili yao, lugha yao, desturi ya nani ashike silaha, mtindo wa mavazi na majengo, na juu ya nguzo hizo huwekwa mila mahususi, za ubaharia, za kilimo, za ufugaji, za ibada. Baina ya kila tamaduni mbili kuna kadiri ya kukubaliana, kuanzia sufuri hata mia. Kadiri hiyo hupanda watu wakikaa chini ya bwana mmoja, wakiwa na majimbo jirani, wakitumikia baraza moja. Hushuka kwa vita na dhuluma. Mfalme aweza kujifunza lugha ya makabaila wake, kazi inayokula miaka ya maisha yake, na akiijua, ile chuki ya ugeni hupungua. Na kukubaliana kukifikia kiasi cha kutosha, mfalme aliyejipatia fahari aweza kutangaza utamaduni mseto, akachukua tabia kutoka huku, lugha kutoka kule, mila chache za hawa na chache za wale.

Mimi nahesabu hii kuwa fikra kubwa, na nasema hivyo pasina kusita. Vitabu vingi vya shule tulivyosomeshwa vilichora makabila kama mawe, kila jiwe na jina lake, na mtoto akatoka darasani akiamini ndivyo yalivyo tangu Nuhu. Hapa kijana wa miaka kumi na mitano anaona kwa macho yake kuwa utamaduni una tarehe ya kuzaliwa, una wazazi, wagawanyika, waoana, wafa.

Nikaurejea utawala wangu wa Apulia. Niliteka Palermo, kama Robert na ndugu yake Roger walivyoiteka kweli mwezi Januari mwaka 1072, nikawaacha baadhi ya wakuu wa nchi katika ardhi zao kwa kudhani ukarimu utalipwa. Haukulipwa, dini ilitoa kiasi chake na mila kiasi chake, na wale wazee wakaanza kunong'onezana. Mpwa wangu akanielekeza nikajifunze Kiyunani, kwa sababu ndicho kilichosemwa na makabaila wengi zaidi walionikasirikia. Ilichukua miaka. Siku habari ilipokuja kuwa nimeihitimu lugha, nilikwenda mbio kwa yule mzee wa ndevu nyeupe, nikakuta ameshakufa, mwanawe ndiye aliyeketi. Na tarakimu yake ilikuwa imepanda, ingali nyekundu, lakini nyekundu ya mtu unayeweza kuketi naye. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza vema. Nikaona basi nikamilishe njia: nikamtoa mwanangu mkubwa alelewe na bwana wa Kiyunani, nikaridhia afuate mila za mlezi wake. Akakua akiwa Myunani barabara. Nikafa, nikaamka ndani yake. Wayunani wote wakanipokea kwa kijani, na Wanormani wangu, watoto wa wale waliokuja na baba yangu kutoka kaskazini, wakawa wekundu toka kichwa hata miguu. Rangi ilikuwa imehama tu.

Nilikaa kitambo nikiitazama ramani, kwa maana hapo ndipo nilipoutambua mwisho wa fikra ile kubwa. Mchezo waweza kuzichanganya tamaduni mbili zikawa moja. Hauwezi kumfanya mtu mmoja awe na mbili. Kila uso una utamaduni wake mmoja ulioandikwa chini ya jina, na hata mseto ukitangazwa, huwa ni wa tatu, wenye jina lake, na mfalme huuvaa huo akayavua mengine. Tena kila kitu hulipwa kwa sarafu moja, ya kupendwa au kuchukiwa. Na kadiri ya kukubaliana ni moja kwa pande zote mbili: wakikubaliana hawa na wale kwa arobaini, ni arobaini kutoka kwa bwana na arobaini kutoka kwa mtwana.

Sasa na tuingie Palermo yenyewe. Roger wa pili, mwana wa yule Roger ndugu yake Robert, alifiwa na baba mwaka 1101 akiwa mtoto mdogo, akalelewa katika utawala wa mama yake Adelaide miongoni mwa maafisa Wayunani na Waarabu. Katika mwaka 1109 bibi huyo alitoa amri ya kuilinda nyumba moja ya watawa, na amri ile ingalipo, imeandikwa kwa Kiyunani na Kiarabu juu ya karatasi, nayo huhesabiwa miongoni mwa karatasi kongwe kabisa zilizosalia Ulaya. Mwanawe alipotawazwa mfalme, siku ya Krismasi mwaka 1130, alikwisha kuwa mtu wa pande tatu. Kwa Walatini alikuwa mfalme aliyepakwa mafuta. Katika picha ya vijiwe vya rangi iliyomo kanisani mwa amiri wake, George wa Antiokia, yuasimama amevaa kama kaisari wa Konstantinopoli, Masihi akimvika taji kwa mkono wake, na jina lake limeandikwa kwa herufi za Kiyunani. Na katika sarafu zake za dhahabu alijiita kwa Kiarabu al-Mu'tazz bi-llah, mwenye nguvu kwa Mungu, lakabu inayolingana na za makhalifa. Mpwa wangu nilimwuliza, huyu angeandikwaje chini ya jina lake? Akasema, "Mnormani." Kisha akanyamaza, akasema, "Lakini haitoshi."

Na tuitazame diwani yake, kwa kuwa hapo ndipo siri ya jambo ilipo. Ofisi ya ardhi na kodi iliendeshwa kwa Kiarabu, na wataalamu wameonyesha kuwa mfalme hakuirithi tu kwa maamiri waliomtangulia, bali aliijenga upya baada ya mwaka 1130 kwa kufuata mfano wa Mafatimi wa Misri. Humo makarani waliandika jarida za watu, majina ya Waislamu waliofungwa na ardhi ya bwana fulani au kanisa fulani, jina chini ya jina, fulani bin fulani, mjane wa fulani, mfinyanzi, mfumaji; na aghalabu juu ya jina la Kiarabu liliandikwa lile lile kwa herufi za Kiyunani, ili mwenye kusoma hili asome, na mwenye kusoma lile asome. Waislamu hao walimlipa mfalme Mkristo jizya, kodi ile ile ambayo baba zao walikuwa wakiitoza kwa Wakristo. Jina halikubadilishwa, kilichobadilika ni mwenye mkono wa kupokea. Hapo hapana habari ya kupendwa. Kabaila Mlatini alihitaji karatasi ya Kiarabu ili ajue ana watu wangapi na shamba lake limeishia wapi, na pasipo karatasi ile hakuwa na kitu. Kilichowafunga pamoja ni haja ya kazi, nayo ni kamba ngumu kuliko mapenzi maadamu kazi ipo.

Kazi hiyo ilizaa vitu ambavyo hakuna aliyevikusudia. Mwaka 1149 padri mmoja wa mfalme, Grisandus jina lake, alimwekea mama yake Anna jiwe la kaburi lenye maandishi manne: Kilatini, Kiyunani, Kiarabu, na Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, na kila andiko likahesabu mwaka kwa kalenda ya watu wake. Mtoto aliyefiwa, akitaka kila apitaye njiani amjue mama yake, hakuona lugha ya kuiacha. Na mwaka 1154 Sharifu al-Idrisi alimkamilishia mfalme kitabu cha dunia nzima, pamoja na ramani iliyochorwa kusini ikiwa juu, na katika kitabu hicho imo pwani ya Zanji: imetajwa Malindi na Mombasa, na habari za watu wake kuchimba chuma na kuwinda. Jambo hili hunigusa kila nilikumbukapo, kwa sababu ramani ya Crusader Kings, iliyoenea tangu Aisilandi na kupita Habeshi, haijafika Kilwa; mwenye kututaka sisi aweza kwenda katika mchezo ndugu yake, Europa Universalis IV wa mwaka 2013, unaoanza tarehe 11 Novemba 1444, ambamo sultani wa Kilwa ana nchi na bandari zake. Mfalme wa Sisilia wa karne ya kumi na mbili alizijua pwani zetu katika kitabu alichokiagiza mwenyewe, na alikiagiza kwa Kiarabu.

Nisieleweke kuwa nasifu pepo iliyopotea. Mwaka 1153, akiwa bado hai Roger yule yule, towashi wake Philip wa Mahdia, kiongozi wa merikebu zake, alishtakiwa kuwa ni Mwislamu kwa siri, akachomwa moto. Mwaka 1161 ghasia zilizuka Palermo na Waislamu wakauawa, wamo waliokuwa kazini katika diwani. Kisha msafiri Ibn Jubayr, akirejea kutoka Makka, alivunjikiwa na jahazi karibu na Messina mwishoni mwa mwaka 1184, akaiona nchi kwa macho yake. Alimkuta mfalme William wa pili asomaye na kuandika Kiarabu, naye amezungukwa na watumishi Waislamu wanaoficha imani yao. Na siku ya Krismasi, mjini Palermo, aliwaona wanawake wa Kikristo wakitoka kwenda kanisani wamejitanda shela za rangi, wamevaa hariri ya dhahabu, wamejifukiza, wamepaka hina vidoleni, na ulimi wao fasaha kama wa wanawake wa Kiislamu. Kadiri ya kukubaliana siku ile ingekuwa ngapi? Kwa hina na shela ingekaribia mia. Na mabwana wa mji ule ule, miaka ishirini na mitatu nyuma, walikuwa wameua makarani. Mwanamke aliyejipaka hina hakuwa anamkubali jirani yake. Alikuwa amejipamba kama watu wa mji wake wajipambavyo sikukuu. Kuchukua vazi la mtu na kumchukua mtu mwenyewe ni mambo mawili, na mchezo umeyatia katika mstari mmoja.

Mbele ya Frederick wa pili, mfalme wa Sisilia baadaye, mizani ile hukatika kabisa. Alizaliwa mwaka 1194, akabaki yatima, akakulia Palermo, akajua Kiarabu, akaandikiana na masultani juu ya hesabu na falsafa. Kwa kanuni za mchezo huyu ni mfalme aliyetimiza kila sharti: lugha anayo, malezi anayo, walimu na walinzi wa kila mila wako nyumbani mwake. Naye ndiye aliyewang'oa Waislamu wa Sisilia walioasi milimani, tangu miaka ya 1220, akawahamishia Lucera huko Apulia, mbali na bahari na mbali na ndugu zao. Huko aliwaachia misikiti na kadhi, akawafanya askari wake wa mishale, wakamtumikia kwa uaminifu mkubwa, kwa vile hawakuwa na mwingine wa kumtegemea. Kujua lugha yao hakukumzuia kuwahamisha, na kuwahamisha hakukumzuia kuwategemea. Mwaka 1300 mfalme Charles wa pili wa ukoo wa Anjou aliuvunja mji ule, akawauza watu wake utumwani. Wakati huo Sisilia ilikuwa na makarani wa Kilatini wa kutosha, na majina ya mashamba yalikwisha kutarjumiwa.

Nilimweleza mpwa wangu habari hizi zote kwa siku kadhaa, naye, kama vijana walio hodari, hakuchukia kusikia mchezo wake umepungukiwa. Akaanza kuwaza namna ya kuutengeneza, kwa kuwa michezo hii yafunguka, na mchezaji mwenye subira aweza kuziandika upya kanuni zake. Akasema, labda kila bwana apewe sura anayoionyesha kwa kila kundi la watu wake, na kila sura igharimu kitu. Labda kazi za diwani ziwe na lugha yake, na bwana akikosa makarani wa lugha hiyo asipate kodi, hata wakimpenda wote. Labda kukubaliana kuwe na pande mbili, kila mmoja amhesabie mwenzake kivyake. Nilimwambia hilo la pili ndilo alianze, kwa sababu humo ndimo walimoishi wale watu wa jarida, mfinyanzi na mfumaji na mjane, ambao katika mchezo wote hawana sura wala tarakimu, wao huonekana tu wakiasi.

Yupo katika kazi hiyo hata sasa. Siku moja aliniuliza ni kitu gani hasa kilichobaki cha Roger mtu akakishika, nikamwonyesha picha ya joho lake. Ni la hariri nyekundu, limetariziwa kwa dhahabu mtende katikati, na kila upande simba amempanda ngamia na kumwangusha. Na katika upindo wake wote huzunguka maandishi ya Kikufi yasemayo kwamba limefanywa katika karakana ya mfalme, katika mji mkuu wa Sisilia, mwaka 528, na mwaka huo ni wa Hijra. Joho hilo liliwaangukia wafalme wa Ujerumani kwa urithi wa ndoa. Frederick alilivaa Roma alipotawazwa kaisari mwaka 1220, na baada yake wakalivaa makaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi karne baada ya karne, mpaka yule wa mwisho wao, Franz wa pili, aliyetawazwa Frankfurt mwaka 1792, maaskofu wamemzunguka na upindo wa Kiarabu ukiburuzika miguuni. Leo lipo Vienna, ndani ya kabati la kioo.

Mpwa wangu alilikuza lile andiko katika kioo cha kompyuta mpaka herufi moja ikajaa. Alisoma chuoni utotoni, kwa hiyo alikaa akizitafuta herufi moja moja, kwa kidole, kutoka kulia.